Bandari Haiishii kwenye Maji: Mombasa na Njia Yake katika Machafuko ya 2008



Katika mazungumzo yetu ya leo tutasimulia historia ya bandari ambayo wengi wetu hatujaiona kwa macho, ingawa tumekula kwa mkono wake miaka mingi. Ni bandari ya Mombasa, katika nchi ya Kenya. Tutaangalia namna ilivyoendelea kupokea mizigo wakati nchi ile ilipowaka moto mwanzoni mwa mwaka 2008, na kwa nini, hata hivyo, mizigo haikutufikia.

Mtu anaweza kuuliza: «Bandari inatuhusu nini sisi tulio kambini? Sisi tunangoja posho, na tunangoja siku ya kurudi nyumbani.» Jibu liko ndani ya nyumba yake. Chumvi iliyo katika sufuria, sabuni, mabati, misumari, dawa za hospitali, mazutu ya kamyo inayoleta posho, na mara nyingi unga wenyewe, ni vitu vilivyoteremshwa kutoka meli. Kongo ina bandari zake upande wa magharibi: Matadi, Boma na Banana. Lakini kutoka kule mpaka Kivu au Ituri njia ni ndefu na mbovu mno. Kwa hiyo, kwa miaka mingi, mizigo ya mashariki imeingia kwa mlango wa Mombasa na ule wa Dar es Salaam.

Kutoka Mombasa mpaka Nairobi ni karibu kilometa 480. Kutoka Mombasa mpaka Kampala ni karibu kilometa 1,170. Kisha mzigo wa Butembo, Bunia, Goma au Bukavu unabaki na safari nyingine ndefu mbele yake. Njia hiyo yote ina sheria. Mwaka 1985, kule Bujumbura, nchi za Burundi, Kenya, Rwanda na Uganda zilitia sahihi Mkataba wa Njia ya Kaskazini. Zaire, yaani nchi yetu kwa jina la wakati ule, iliingia katika mkataba huo mwaka 1987. Mkataba ulisema mzigo unaopita tu usizuiliwe njiani, wala usitozwe kodi kana kwamba umefika mwisho wa safari.

Sheria hiyo ni nzuri. Lakini sheria iliyoandikwa kwenye karatasi haiwezi kuondoa mti ulioangushwa katikati ya barabara. Hilo ndilo tutakaloliona sasa.

Bandari ina milango mitatu

Ili tuelewe yaliyotokea, inafaa kwanza tujue bandari inafanya kazi namna gani.

Bandari ni kama nyumba yenye milango mitatu. Mlango wa kwanza ni wa maji: meli inafika, inafungwa kamba gatini, na wapakuzi wanateremsha mizigo kwa winchi. Mlango wa pili ni wa karatasi: watu wa duane wanakagua, wakala anaweka dhamana, kodi inalipwa au mzigo unaandikwa kuwa wa kupita tu. Mlango wa tatu ni wa barabara na reli: mzigo unatoka uwanjani na kwenda kwa mwenyewe.

Mlango wa kwanza ukiwa wazi na wa tatu umefungwa, nyumba inajaa. Na meli haziwezi kuambiwa «ngojeni kidogo», kwa sababu ziliondoka Asia au Ulaya majuma mengi kabla ya fujo kuanza. Zinaendelea kufika tu. Uwanja ukijaa, hata winchi haina mahali pa kuweka kontena. Hapo meli inangoja baharini, na kila siku ya kungoja ina malipo yake. Kontena nalo likipitisha siku zake uwanjani, linatozwa. Malipo yote hayo mfanyabiashara hayatoi mfukoni mwake. Anayaongeza kwenye bei, na mwishowe yanalipwa na mama anayenunua sabuni sokoni.

Tena Mombasa ilikuwa imekwisha kujaa kabla ya machafuko. Uwanja wake wa makontena wa Kipevu ulijengwa kwa kupitisha makontena 250,000 kwa mwaka. Mwaka 2007 bandari ilipitisha karibu 585,000, yaani zaidi ya mara mbili. Nyumba iliyojaa hivyo haivumilii mlango wa nyuma kufungwa hata kwa juma moja.

Yaliyotokea Kenya

Wakenya walipiga kura tarehe 27 Desemba 2007. Tarehe 30 tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba Mwai Kibaki ameshinda, na jioni ile ile akaapishwa. Wafuasi wa Raila Odinga walikataa matokeo wakisema kura zimeibwa. Fujo zikaanza saa ile ile, na zikaendelea mpaka Februari. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na malaki wakahama makwao. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto na watu waliokimbilia ndani, wengi wao mama na watoto.

Sasa, wasikilizaji, tushike ramani katika mawazo yetu. Barabara kubwa inayotoka Mombasa kwenda Uganda inapita wapi? Inapita Nairobi, Naivasha, Nakuru, Burnt Forest na Eldoret. Mahali ambapo damu ilimwagika zaidi palikuwa juu ya njia yenyewe ya mizigo. Vijana waliweka mawe, magogo na magurudumu yanayowaka. Kwenye barieri walisimamisha magari na kudai vitambulisho, wapate kujua kabila la mtu kwa jina lake. Sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa zaidi juu ya barieri ya namna hiyo.

Serikali iliweka amri ya kutotembea usiku katika mji wa Kisumu, na mwishoni mwa Januari katika mji wa Nakuru. Amri kama hiyo inaweza kuokoa maisha, lakini tuhesabu gharama yake. Kamyo ya mzigo mzito hutembea mchana na usiku. Ukiifungia usiku, umeiongezea siku za safari, na umemwacha dereva alale njiani na mali ya watu, mahali asipojulikana.

Reli nayo haikupona. Mwezi wa Januari 2008, katika mtaa wa Kibera, Nairobi, watu waling'oa reli iendayo Uganda. Treni za mizigo zikasimama.

Bandari ilikuwa hai, njia ilikuwa imekufa

Je, bandari yenyewe ilifungwa? Haikufungwa. Mjini Mombasa palikuwa na maandamano, na maduka yalivunjwa na kuchomwa, lakini meli ziliendelea kufika na kupakuliwa. Hata hesabu za mwaka mzima zinaonyesha hivyo. Mwaka 2007 bandari ilipitisha mizigo ya karibu tani milioni 16. Mwaka 2008, pamoja na fujo zote zile, ilipitisha zaidi kidogo ya hapo.

Kwa hiyo tusiseme kwamba mizigo ilikosekana kwa sababu bandari ilikufa. Wapakuzi walifanya sehemu yao na winchi zikafanya sehemu yake. Kilichokatika ni kamba ndefu inayotoka langoni mpaka kwetu. Na kamba hiyo haikukatwa na jeshi kubwa. Ilikatwa na makundi ya vijana, katika vijiji na mitaa, kila kundi likifunga mita chache tu za barabara.

Tuangalie mafuta. Kenya ina bomba lililozikwa ardhini kutoka Mombasa mpaka Nairobi, lililoanza kazi mwaka 1978. Mwaka 1994 lilifikishwa Eldoret na Kisumu. Bomba halipigwi mawe. Lakini kutoka Eldoret na Kisumu mafuta yalipaswa kupakiwa katika kamyo ili yavuke mpaka, na kamyo hazikuweza kutembea. Basi kule Uganda esansi ikapanda bei, mahali pengi zaidi ya mara mbili. Rwanda ikaanza kugawa mafuta kwa kipimo. Burundi nayo ikaona upungufu.

Na Kongo? Chakula cha PAM kilichokwenda kusini mwa Sudan, Uganda na mashariki ya Kongo kilipita Mombasa. Tukumbuke siku zenyewe. Kuanzia tarehe 6 mpaka 23 Januari 2008, wajumbe zaidi ya elfu moja walikuwa wamekusanyika mjini Goma katika Mkutano wa amani ya Kivu, chini ya uongozi wa Padri Apollinaire Malu Malu. Nje ya mji, familia zilizokimbia vita vya mwaka 2007 zilikuwa zimelala chini ya mashitingi kule Mugunga na Bulengo. Wajumbe walibishana juu ya mapatano, na majuma yale yale njia iliyoleta unga na mazutu ilikuwa imezibwa na watu ambao hawakuwa na ugomvi wowote na mama wa Mugunga. Labda hawakujua hata kama yuko.

Hapo ndipo ninapoona uchungu wa habari hii. Mama yule hakupiga kura Kenya. Hakuiba kura, hakunyang'anywa kura. Lakini alikuwa miongoni mwa waliotozwa.

Uvumi nao ulifunga njia

Kulikuwa na jambo jingine. Rais wa Uganda, Yoweri Museveni, alimpongeza Kibaki mapema, wakati viongozi wengi walikuwa wananyamaza. Mara ukavuma uvumi kwamba askari wa Uganda wameingia magharibi mwa Kenya kuwapiga wapinzani. Serikali ya Uganda ilikana. Lakini uvumi hauna breki. Kamyo zenye namba za Uganda zikatafutwa barabarani na kushambuliwa, na wapo waliosema reli ya Kibera ing'olewe ili Uganda ikose mizigo.

Dereva wa kamyo hakumpongeza mtu. Mwenye duka wa Kampala, wa Kigali au wa Butembo hakumpongeza mtu. Namba ya gari ilitosha kuwahukumu.

Tena sheria ya duane ina ukali wake. Mzigo unaopita tu huwekewa dhamana: wakala anaahidi kwamba mzigo utatoka katika nchi, na usipotoka atalipa kodi yake. Kamyo ikichomwa njiani, mzigo haukutoka. Mwenye mali amepoteza mali, na juu ya hasara hiyo anaweza kudaiwa kodi ya kitu kilichogeuka majivu, mpaka athibitishe yaliyompata. Wafanyabiashara wa Uganda na Rwanda walidai fidia kwa miaka mingi. Moto uliwaka saa moja, kesi ikachukua miaka.

Njia ilifunguliwa namna gani?

Kwanza, polisi wa Kenya walikusanya kamyo katika misafara na kuzisindikiza mpaka mipakani, Malaba na Busia. Msafara ulisaidia, lakini ulikwenda polepole. Kamyo mia zinangojana, moja ikiharibika zote zinasimama, na msafara ukipita barieri inarudi. Bunduki ililinda kamyo kwa saa zile tu ilipokuwa karibu nayo.

Pili, wengine walitafuta mlango mwingine. Baadhi ya wafanyabiashara waligeukia Dar es Salaam, wakapitia Tanzania. Wazo hilo si geni kwetu. Mwaka 1921 Uingereza na Ubelgiji zilipatana kwamba mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ipewe mahali pake katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma. Tangu siku zile mashariki ya Kongo imejua kwamba nyumba yenye mlango mmoja ni hatari. Lakini bandari haihamishwi kwa juma moja. Mzigo uliokwisha kushuka Mombasa unabaki Mombasa.

Tatu, na hili ndilo lililofungua njia kwa kweli, watu walipatana. Kofi Annan, pamoja na Benjamin Mkapa na Graça Machel, walikaa na pande mbili mpaka tarehe 28 Februari 2008, siku Kibaki na Odinga walipotia sahihi mapatano ya kugawana serikali. Baada ya hapo barieri zikaanza kwisha, hata pale ambapo polisi hawakuwapo. Msafara ni dawa ya kutuliza maumivu. Mapatano ndiyo yanayofunga kidonda.

Tusiwacheke Wakenya

Ndugu wasikilizaji, tusisikilize habari hii kama watu wanaotazama nyumba ya jirani ikiungua. Sisi pia tuna historia yetu. Mwezi wa Agosti 1998, vita vilipoanza tena, majeshi yaliyoipinga serikali yalitua Kitona kwa ndege, karibu na bahari, kisha yakashika Matadi na bwawa la Inga. Mji wa Kinshasa, wenye mamilioni ya watu, ulikatiwa bandari na umeme kwa pamoja. Maji yalikosekana, chakula kilipungua, hospitali zikakaa gizani. Aliyekusudiwa alikuwa serikali. Aliyelala njaa alikuwa raia.

Kuna wanaosema: «Kufunga njia ndiyo silaha pekee ya mnyonge. Tusipofunga, hakuna atakayetusikia.» Hoja hiyo tusiidharau. Mtu aliyeibiwa haki yake ana sababu ya kukasirika, na wengi wa Kibera walikuwa maskini waliochoka kudanganywa. Lakini tupime silaha kwa yule inayempiga. Mkubwa ana akiba ya esansi, ana ghala, ana ndege. Njia ikifungwa, yeye anaumia mwisho, kama anaumia. Wa kwanza kuumia ni mgonjwa anayengoja dawa, mtoto wa kambini, na mchuuzi anayekula kwa mauzo ya siku. Silaha inayompiga mnyonge mwenzako na kumruka mkubwa si silaha ya wanyonge.

Mambo ya kushika kwa viongozi wetu

Kutokana na historia hii ninyi viongozi wa mitaa, wa vijiji na wa kambi mnaweza kushika mambo manne.

La kwanza: njia isiwe ya upande wowote. Pande zikigombana, zipatane mapema, kabla moto haujawaka, kwamba posho, dawa, mafuta na wagonjwa wanapita. Mapatano hayo yaandikwe, yatajwe majina ya wenye kuyalinda katika kila kijiji. Njia ndefu hulindwa kijiji kwa kijiji, kama ilivyofungwa kijiji kwa kijiji.

La pili: amri ya usiku iandikwe vizuri. Mkubwa anapokataza watu kutembea usiku, aseme wazi ni saa ngapi, mpaka siku gani, na nani wanaruhusiwa. Mpakuzi wa zamu ya usiku, dereva wa mzigo, muuguzi na mama anayekwenda kujifungua wawe na njia inayojulikana ya kupita. Amri isiyoandika ruhusa huzaa rushwa: ruhusa inauzwa kwenye barieri, kwa bei ya askari aliye zamu.

La tatu: habari ichunguzwe kabla ya kurudiwa. Kiongozi akiletewa neno kwamba kamyo fulani imebeba silaha au watu wa kabila fulani, aulize: nani ameona? Ameona wapi? Saa ngapi? Kama hakuna aliyeona, neno liishie hapo.

La nne: mtu asihukumiwe kwa namba ya gari wala kwa jina la kitambulisho. Katika sheria kosa ni la mtu aliyelitenda. Dereva hajibu makosa ya rais wake, na kijana wa kijiji hajibu makosa ya ndugu zake walioshika bunduki.

Nanyi familia mliohama, msidhani hamna neno katika jambo hili. Nyinyi ndio mnaojua bei ya njia iliyofungwa. Mnapokutana na vijana wenu wanaokaa kwenye barieri, waulizeni: «Mwanangu, huyu unayemzuia anabeba nini, na nani anakingoja?» Swali la mama lina nguvu ambayo bunduki haina.

Kenya ilijifunza kwa gharama kubwa. Mwezi wa Agosti 2010 ilipata katiba mpya. Uchaguzi wa 2013 ulipokaribia, wafanyabiashara wengi wa nchi jirani walijaza maghala yao mapema, kwa kuwa hofu ilikuwa haijawatoka. Reli iliyong'olewa Kibera ilikuwa imekwisha kurudishwa zamani. Imani ya mwenye mzigo ilikuwa bado.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi:

Katika sehemu yetu, njia ya posho inapita kwa nani, na nani amewahi kuifunga? Waliofunga walitaka nini, na je, walikipata? Ni watu gani watatu katika kila kijiji tunaoweza kuwapa kazi ya kuilinda njia, bila kuangalia kabila lao?

Jibuni maswali haya pamoja, wanaume kwa wanawake, wenyeji kwa waliohama.